Kinyago cha Mhariri: Tawasifu, Umiliki na Majina Yaliyofutwa katika Katuni za Uingereza

Utangulizi

Tawasifu ni utanzu wenye hila. Msomaji huufungua akitarajia kukutana na mtu, kumbe aghalabu hukutana na wakili wa mtu huyo. Hila hii huzidi pale msimulizi anapokuwa mhariri, yaani mtu ambaye riziki yake kwa miaka mingi imetokana na kupanga, kukata na kusahihisha masimulizi ya wengine. Anapogeukia maisha yake mwenyewe huja na kalamu ileile. Anajua ni wapi pa kukatiza sura, ni tukio gani la kuchekesha litakalomfanya msomaji asiulize swali, na ni jina lipi linaloweza kuachwa pasipo mtu kulikosa.

Katika muongo wa pili wa karne hii, wahariri kadhaa wa majarida ya katuni ya Uingereza walichapisha kumbukumbu zao. Mwaka 2016 Steve MacManus alitoa The Mighty One, kinachosimulia maisha yake ndani ya kampuni ya IPC tangu mwaka 1973 alipoajiriwa kuwa mhariri msaidizi wa jarida la Valiant, hadi alipokuwa mhariri wa jarida mashuhuri la 2000 AD. Mwaka huohuo Barrie Tomlinson, aliyeongoza majarida ya katuni za michezo, alitoa Real Roy of the Rovers Stuff!. Mwaka 2017 Pat Mills, mwasisi na mhariri wa kwanza wa 2000 AD, alitoa Be Pure! Be Vigilant! Behave!, kitabu alichokiita historia ya siri ya jarida hilo. Ni vitabu vya kufurahisha. Vina ucheshi, vina mikasa ya ofisini na vina wahusika wanaokumbukika. Kwa sababu hiyohiyo, ni rahisi mno kwa mtafiti wa fasihi pendwa kuvinukuu kana kwamba ni hati za historia.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Yanadai kwamba tawasifu ya mhariri wa katuni ni ushahidi katika kesi ya umiliki ambayo haijafungwa, na kwamba mhakiki anayeisoma kama masimulizi ya bashasha tu amekwisha kuegemea upande mmoja wa kesi hiyo pasipo kujua.

Kiwanda kisicho na majina

Ili uzito wa dai hili ueleweke, yafaa kukumbuka jinsi kiwanda chenyewe kilivyofanya kazi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, katuni za Uingereza zilitawaliwa na kampuni mbili. Huko Dundee, Uskoti, kulikuwa na DC Thomson, wachapishaji wa The Dandy lililoanza Desemba 1937 na The Beano lililoanza Julai 1938. Huko London kulikuwa na kampuni zilizokuja kuunganishwa na kuwa IPC. Mkataba wa kawaida ulikuwa mwepesi kueleza na mzito kubeba. Mwandishi na mchoraji walilipwa kwa ukurasa, mara moja, na haki zote zikabaki kwa mchapishaji. Hadithi ikichapishwa upya au mhusika akifanywa mwanasesere, aliyemtunga hakuwa na dai la mrabaha. Hata michoro asili ilihesabiwa kuwa mali ya kampuni. Na ili mambo yote yabaki hivyo, kurasa zilitoka, isipokuwa kwa nadra, bila majina ya waliozitunga.

Kutotia jina hakukuwa usahaulifu. Mtunzi asiye na jina hawezi kualikwa na kampuni pinzani, hawezi kufuatwa na wasomaji, na hawezi kudai ujira mkubwa kwa hoja kwamba ndiye anayeuza jarida. Leo Baxendale, aliyewaumba wahusika kama Minnie the Minx na kundi la Bash Street Kids katika The Beano miaka ya 1950, alitoka DC Thomson mwaka 1962. Wahusika wake walibaki nyuma wakichorwa na wengine kwa mtindo aliouanzisha yeye. Baadaye aliishtaki kampuni hiyo akidai haki za uumbaji wake, na shauri lilikwisha kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 1987, baada ya mvutano wa miaka saba. Wala jina peke yake halikutosha kuwa kinga. Frank Hampson alijulikana vyema na wasomaji wa jarida la Eagle lililoanzishwa mwaka 1950, lakini haki za Dan Dare, shujaa aliyembuni, hazikuwa zake. Jina na umiliki ni mambo mawili. Hata hivyo, asiye na jina hana hata mahali pa kuanzia kudai.

Msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili anapaswa kushtushwa na hali hii kuliko msomaji mwingine yeyote. Katika utamaduni wa tenzi, mtunzi hujitaja. Mwishoni mwa kazi huweka jina lake, pengine na nasaba yake na mji wake, na wakati mwingine hata hesabu ya beti alizotunga, ili anayenakili asije akapunguza wala kuongeza. Kaida hiyo ilikuwa hati ya umiliki kabla sheria za hakimiliki hazijafika pwani. Mhakiki anayeijua kaida hiyo, kisha akasoma kumbukumbu za kiwanda kilichofuta majina kwa makusudi bila kuuliza yalikofutiwa, ameiacha nyumbani elimu yake bora kuliko zote.

Tharg na roboti zake

2000 AD lilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Februari 1977. Toleo la pili lilimleta Judge Dredd, afisa wa jiji la siku zijazo ambaye ni polisi, hakimu na mwenye kutekeleza hukumu kwa wakati mmoja. Aliyemtunga ni John Wagner, na sura na vazi lake vilibuniwa na mchoraji Mhispania, Carlos Ezquerra. Kwa mujibu wa masimulizi rasmi ya jarida lenyewe, mhariri hakuwa Mills, wala Kelvin Gosnell aliyemfuata, wala MacManus aliyekishika kiti hicho mwaka 1979 na kukikalia hadi katikati ya miaka ya 1980. Mhariri alikuwa Tharg, kiumbe wa kijani kutoka nyota ya Betelgeuse, mwenye majivuno na sifa ya kuitwa Mwenye Nguvu. Waandishi na wachoraji wake waliitwa roboti.

Utani huu ulipendwa, na ungali unapendwa. Lakini utani ni maudhui kama maudhui mengine, na hapana budi kuhakikiwa. Katika kampuni iliyowalipa watu kwa ukurasa na kuwanyima mrabaha, msamiati wa dhihaka uliochaguliwa ulikuwa ule wa mashine: kitu kinachozalisha, kisichochoka, na kisichomiliki kinachozalisha. Mhariri alipewa nafsi, sauti, sifa na hata sayari ya kutoka. Wafanyakazi walipewa namba na nati. Kwa lugha ya uhakiki, huu ni usimulizi unaoficha mahusiano ya uzalishaji kwa kuyasema waziwazi mno hata yakageuka kichekesho. Mtoto wa miaka kumi aliyecheka mwaka 1977 hakuambiwa uongo. Aliambiwa ukweli kwa namna ambayo asingeweza kuutambua.

Ni haki kuongeza kwamba jarida hilohilo ndilo lililoivunja kaida ya kale. Mwaka huo wa 1977 Kevin O'Neill, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya michoro, alianza kuweka kisanduku kidogo chenye majina ya waandishi, wachoraji na waandika herufi. Kisanduku hicho kiliwataja kama roboti, lakini kiliwataja. Kila anayejua leo kwamba Dredd ni wa Wagner na Ezquerra, au kwamba The Ballad of Halo Jones ni ya Alan Moore na Ian Gibson, ananufaika na tendo hilo la mtu wa ngazi ya chini ofisini. Tendo hilo ni muhimu kwa hoja ya makala haya: badiliko kubwa katika historia ya umiliki halikutoka kwa Tharg, lilitoka miongoni mwa roboti.

Vitabu viwili, milango miwili

Sasa yatazamwe majalada. Kitabu cha MacManus kimechukua jina lake kutoka kwa kinyago. Mwenye Nguvu ni sifa ya Tharg, na maneno ya jina dogo la kitabu yanaahidi maisha ndani ya ukurasa ambamo Tharg alizungumza na wasomaji wake. Kitabu cha Mills kimechukua jina lake kutoka kinywani mwa Torquemada, dikteta katili wa hadithi ya Nemesis the Warlock ambayo Mills aliiandika na O'Neill akaichora. Mmoja anaingia katika historia kwa mlango wa mhariri, mwingine kwa mlango wa adui. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwa jina lake wazi.

Yatazamwe vilevile majina ya wachapishaji, jambo ambalo wahakiki wa tawasifu hulipuuza mno. The Mighty One kilichapishwa na Rebellion, kampuni iliyonunua 2000 AD mwaka 2000 na ambayo mwaka 2016 ilinunua pia hazina kubwa ya katuni za IPC za tangu mwaka 1970. Hii ni kusema kwamba kumbukumbu za mhariri zilitolewa na mmiliki wa wahusika anaowakumbuka. Kitabu cha Mills kilitolewa na Mills mwenyewe. Haidaiwi hapa kwamba MacManus alifungwa mdomo. Hapana sababu ya kudhani hivyo, na kitabu chake kina ukweli mwingi juu ya ubabaishaji wa uongozi wa IPC. Kinachodaiwa ni kwamba mazingira ya uchapishaji ni sehemu ya maana ya matini. Kumbukumbu iliyotoka katika nyumba ya mmiliki huelekea kuukumbuka udugu wa ofisini. Kumbukumbu iliyotoka nje ya nyumba hiyo huelekea kuukumbuka ujira. Msomaji makini huzisoma zote mbili na kuuliza ni nini kila moja haikuweza kukisema.

Kuna kishawishi cha kumfanya Mills shujaa wa ukweli na MacManus mtumishi wa kampuni. Kishawishi hicho kinapaswa kukataliwa pia. Mills alikuwa mhariri kabla ya kuwa mlalamishi. Ndiye aliyelianzisha Action, jarida lililotoka Februari 1976 na kusimamishwa Oktoba mwaka huohuo kufuatia kelele za magazeti na televisheni kuhusu ukatili wake. Kama wahariri wote wa kiwanda hicho, alizoea kuandika upya kazi za wengine. Anapodai haki za watunzi anasema kweli, lakini anazungumza pia kama mtu mwenye dai lake binafsi. Tawasifu yake ina nguvu ya mwenye hasira, na ina upofu wa mwenye hasira. Hakuna ushahidi usio na mwenyewe.

Mfano wa Action unafundisha jambo jingine. Katika jarida hilo MacManus mwenyewe aligeuzwa mhusika: alikuwa mtu wa vituko aliyetumwa kufanya mambo ya hatari ili wasomaji wasome habari zake. Kwa hiyo, kabla hajawa sauti nyuma ya Tharg, alikuwa mwajiriwa aliyevishwa kinyago na kupelekwa mbele ya watoto. Mtu wa aina hiyo anapoandika tawasifu, msimulizi wake wa nafsi ya kwanza amekwisha kuwa mhusika wa kubuni mara mbili. Mhakiki anayesema kwamba huyu ni mtu halisi anayesema mambo halisi hajaelewa kazi iliyomlea msimulizi huyo.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba bila wahariri historia hii isingekuwapo kabisa. Kampuni hazikuweka kumbukumbu nzuri, watunzi wengi hawakutajwa, na waliokuwapo wanazidi kufariki: Baxendale mwaka 2017, Ezquerra mwaka 2018, O'Neill mwaka 2022, Gibson mwaka 2023. Kwa mtazamo huu, mhariri ndiye aliyeiona hadithi nzima, kwa kuwa kila kitu kilipita mezani pake.

Hoja hii ina uzito, na haijibiwi kwa kejeli. Ni kweli kwamba mhariri aliona mengi. Lakini meza ni mahali pa kuonea, na kila mahali pa kuonea pana mgongo wake. Kwenye meza ya mhariri hati hufika ikiwa imekamilika. Usiku ambao mchoraji wa Uhispania, Italia au Ajentina aliutumia kuchora hati iliyoandikwa kwa lugha isiyo yake haukuonekana kutoka kwenye meza hiyo. Sababu zilizomfanya mtunzi aache kazi hazikuonekana sawasawa pia. Wagner alijitenga na Dredd kabla hata toleo la kwanza halijatoka, mpango wa kuwapa watunzi sehemu ya mapato ulipovunjika. Ezquerra aliondoka alipoona kazi ya mchoraji mwingine ikitangulizwa mbele ya yake. Halo Jones iliishia kitabu cha tatu mwaka 1986, ingawa Moore alikuwa amekusudia vitabu vingi zaidi, kwa sababu ya mzozo wa umiliki. Katika kumbukumbu za ofisini, matukio kama haya ni mwanya katika ratiba: fulani ameondoka, atafutwe mwingine. Katika maisha ya mtunzi, ndiyo hadithi yenyewe.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba mhariri ndiye chanzo pekee. Martin Barker, msomi wa mawasiliano, alichapisha mwaka 1990 utafiti kuhusu Action ambamo alirudi kwenye kurasa zenyewe, zikiwamo zilizozuiwa, akaonyesha kwa ushahidi kilichobadilishwa. Mwaka 2019 Julia Round alichapisha utafiti kuhusu Misty, jarida la hadithi za kutisha kwa wasichana lililodumu toka mwaka 1978 hadi 1980, akajitahidi kuwatambua waandishi na wachoraji wake mmoja mmoja kwa mahojiano na kwa uchunguzi wa mitindo ya kalamu. Hiyo ni kazi ya jasho, isiyo na vichekesho vya ofisini. Ndiyo inayostahili kuitwa historia.

Kutajwa kwa Misty kunafichua pengo kubwa kuliko yote. Majarida ya wasichana, kama Bunty la Dundee lililoanza mwaka 1958 na kudumu hadi 2001, au Tammy na Jinty ya London, yalikuwa nguzo ya kiwanda. Mills ni miongoni mwa wahariri wachache waliokiri hadharani jinsi alivyojifunza kazi kutokana nayo. Lakini kumbukumbu za wahariri zilizopata masoko ni za wanaume, na zinazunguka majarida ya wavulana: vita, mpira, roboti. Wanawake walioandika hadithi za Jinty na Misty hawakuwa na Tharg wa kuwataja hata kwa dhihaka. Historia ikiandikwa kutokana na tawasifu za wahariri peke yake, wanawake hao watafutwa mara ya pili, na safari hii wafutaji watakuwa ni wahakiki.

Jambo hili linawahusu vipi wasomaji wa hapa?

Pengine mtu atauliza idara ya fasihi ya Kiswahili ina haja gani na ugomvi wa London na Dundee. Jibu lipo karibu. Terry Hirst, mzaliwa wa Uingereza aliyekuja Kenya katika miaka ya 1960, ndiye aliyeshirikiana na Hilary Ng'weno kuanzisha jarida la Joe jijini Nairobi mwaka 1973, na ndiye aliyezichora baadaye ngano za Kiafrika katika mfululizo wa Pichadithi. Katika Taifa Leo, Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Kiswahili kwa miongo kadhaa. Historia ya kazi hizi bado haijaandikwa kikamilifu. Itakapoandikwa, kishawishi kitakuwa kilekile: kumwendea aliyekuwa na ofisi, kwa kuwa ndiye anayepatikana na ndiye mwenye masimulizi yaliyopangika.

Wala Kiswahili hakijaepukana na kinyago cha mhariri. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalimfikia msomaji wa karne ya ishirini kupitia mikono ya Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya Mombasa, ya W. E. Taylor aliyeyafafanua, na ya William Hichens aliyeyachapisha mwaka 1940. Mara ngapi katika tasnifu hutajwa Hichens, na mara ngapi hutajwa Sikujua? Anayelijibu swali hilo kwa uaminifu hatakuwa na shida ya kuielewa kesi ya Baxendale.

Hitimisho

Tawasifu ya mhariri isomwe, tena isomwe kwa furaha inayostahili. Lakini isikubaliwe kuwa historia mpaka ipite mitihani mitatu. Kwanza, iulizwe ni nani aliyeichapisha na ana mali gani ndani ya yanayosimuliwa. Pili, pahesabiwe majina: ni watunzi wangapi wanatajwa kwa kazi walizofanya, na wangapi wanatajwa tu kwa vituko vyao. Tatu, ilinganishwe na kurasa zenyewe za majarida na ushahidi wa walioondoka. Tasnifu isiyofanya hivyo, hata ikiwa na nadharia nzito kiasi gani, inaendeleza kazi ya Tharg kwa jina la taaluma.

Mtunzi wa utenzi aliyelitia jina lake katika beti za mwisho aliyajua yote haya. Alijua kwamba baada yake atakuja mwenye kunakili, na baada ya mwenye kunakili atakuja mwenye kukusanya, na kila mmoja atakuwa na sababu nzuri ya kuliacha jina hilo. Waliochora na kuandika katuni za Uingereza hawakupewa nafasi ya ubeti huo. Kuwatafutia sasa ni wajibu wa mhakiki, na haufai kukabidhiwa kwa wahariri waliokuwa na kalamu mkononi siku majina hayo yalipoachwa.